Mwanafunzi kaniuliza kuhusu nukta moja, nikakosa jibu

Mwalimu, shikamoo.

Nafundisha mitandao ya kompyuta chuoni, huu mwaka wa sita. Nimekuandikia kwa sababu ya nukta. Nukta moja tu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nawaonyesha wanafunzi namna ya kuunganisha ruta mbili kwenye Packet Tracer, ile programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Nikapiga ping, yaani ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kingine kinajibu, kutoka ruta ya kwanza, yakaja matokeo ambayo sote tumeyazoea: nukta, halafu alama nne za mshangao, na chini yake taarifa kwamba asilimia 80 zimefika, nne kati ya tano. Nikasema, "Safi, mtandao umekubali," nikawa nageuka ubaoni. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwa kawaida hata sauti yake siijui, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na ile ya kwanza imekwenda wapi?" Nikamjibu kwamba mtandao ulikuwa bado haujatulia. Akainama akaandika kwenye daftari. Hicho ndicho kilichoniuma. Aliandika.

Usiku ule nikaanza kutafuta nyenzo za kujinoa. Sasa nina alamisho zaidi ya mia kwenye kivinjari: kozi, video, maabara za mtandaoni, slaidi za watu. Nimepakua GNS3, programu nyingine ya maabara za mtandao, nikaweka ruta tatu, feni ya kompyuta ikaanza kuvuma kama inataka kupaa. Nimeifuta. Nikasoma kwamba siku hizi watu wa kazi hii wamehamia kwenye kontena, vifurushi vyepesi vya programu vinavyokaa mahali pa mashine pepe, nikajiona mtu wa zamani kabla sijafika hata umri wa kuwa mtu wa zamani. Kila nikifungua nyenzo mpya naacha ile ya jana katikati.

Huku nyuma, mkuu wa idara anataka muhula ujao somo langu liwe na sehemu ya mtandaoni, wanafunzi wafanye mazoezi wakiwa kwao. Maabara yetu ina ruta mbili na swichi tatu kwa wanafunzi arobaini, na baadhi yao kifaa chao pekee ni simu. Jaribio la kwanza la kuwatumia zoezi nikapokea faili thelathini na nne. Thelathini na moja kati ya hizo zilikuwa na ruta iliyoitwa "Makoa Makuu", herufi ya mwisho ya "Makao" na ile inayoitangulia zikiwa zimebadilishana nafasi. Mmoja kafanya, wengine wamenakili hadi kosa lake.

Naomba unisaidie. Nishike nyenzo ipi na niache ipi? Nijifunze vipi mimi mwenyewe ili nisiaibike tena? Huu unakili niuzuieje? Na je, nirudi kufanya mtihani wa cheti, maana changu kimeshapitwa na muda?

Mkufunzi aliyekwama kwenye nukta

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Tuanze na nukta, maana kijana wako bado anasubiri.

Ruta yako ilijua anwani ya IP ya jirani yake, lakini haikujua anwani yake ya MAC, ile ya kadi ya mtandao, ya kuandika juu ya fremu, yaani kifurushi kinachopita kwenye waya. Ikabidi ipige kelele kwenye waya mzima kwa itifaki ya ARP: mwenye anwani hii ni nani? Wakati inasubiri jibu, ping ya kwanza ilikuwa mkononi, na ruta za Cisco kwa desturi haziiweki kando kusubiri. Huitupa. Jibu la ARP likarudi, likahifadhiwa kwenye jedwali, na zile nne zilizofuata zikapita bila shida. Ukirudia ping dakika hiyohiyo utapata alama tano za mshangao, kwa kuwa jedwali la ARP la ruta hiyo hudumu saa nne usipoligusa. Lifute kwa amri ya clear arp-cache, piga tena, uone kama nukta hairudi.

Na kuna utamu zaidi. Hati ya RFC 1122 ya Oktoba 1989, mojawapo ya hati za kanuni za intaneti, inashauri kompyuta ihifadhi angalau pakiti moja, ile ya mwisho, wakati ARP inasubiri jibu. Inashauri, hailazimishi. Ndiyo maana ukipiga ping kutoka Linux kwenda kwa jirani wa waya uleule, mara nyingi hupotezi hata moja. Ya kwanza inachelewa kidogo tu kuliko wenzake. Kwa hiyo swali la yule kijana lilikuwa zuri kuliko hata alivyodhani, na jibu lako la "haujatulia" halikuwa mbali sana na ukweli. Ulichokosa ni kumwonyesha.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Unadhani tatizo lako ni uchache wa nyenzo, kumbe unazo kupita kiasi. Alamisho mia hazikukusaidia kwenye nukta moja. Ungekuwa na Packet Tracer uliyokuwa umeifungua tayari, ukabonyeza kitufe cha kuingia kwenye hali ya mwigo, inayoonyesha kila pakiti kama bahasha hatua kwa hatua, ukapiga ping ileile, darasa zima lingeona bahasha ya ping imekwama, bahasha ya ARP ya rangi nyingine ikitoka kwanza, ikienda na kurudi. Sekunde ishirini. Jibu lilikuwa kwenye skrini uliyokuwa umesimama mbele yake.

Kwa hiyo usiiache Packet Tracer. Najua kuna walimu wanaoidharau, wanaiita mchezo wa watoto. Ni kweli kwamba inaigiza tu. Amri nyingi za ruta halisi hazimo, na mambo ya juu ya uelekezaji utayakosa. Lakini inapatikana bure kwa yeyote mwenye akaunti ya Networking Academy, programu ya mafunzo ambayo Cisco waliianzisha mwaka 1997, inakubali Windows, macOS na Linux, na haihitaji kompyuta yenye misuli. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili inatosha na kusaza. Kitu ambacho walimu wengi hawakigusi ni kile kifaa chake cha kutungia mazoezi, Activity Wizard. Unajenga mtandao uliokamilika, unaweka mtandao wa kuanzia, unachagua vipengele vya kusahihishwa, na mwanafunzi anaona asilimia yake ikipanda kadiri anavyosonga. Faili ya zoezi la namna hiyo huishia na pka badala ya pkt. Unaweza hata kuweka vigezo vinavyobadilika ili kila anayefungua apate anwani tofauti. Nitarudi hapo kwenye unakili.

Nyenzo ya pili iwe Wireshark, programu ya kunasa na kusoma pakiti zinazopita. Basi, mbili. Gerald Combs aliitoa mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikabadilishwa jina mwaka 2006, na hadi leo sijaona kitu kinachomfundisha mkufunzi zaidi ya hiki. Fungua, chagua kadi yako ya mtandao, andika arp || icmp kwenye sehemu ya kichujio, piga ping. Utakachokiona hakijatungwa na mtu wa slaidi. Angalizo moja tu: usinase trafiki ya watu wengine kwenye mtandao wa chuo bila ruhusa. Nasa ya kompyuta yako, au ya maabara iliyotengwa, au tumia faili za mifano zilizowekwa kwenye tovuti ya Wireshark wenyewe. Zipo za itifaki ambazo hata jina lake hujawahi kulisikia.

GNS3 uliionea. Feni ile haikuvuma kwa sababu kompyuta yako ni dhaifu. Sehemu yake inayoiga ruta za zamani za Cisco, Dynamips, hukimbiza prosesa kwa asilimia 100 hata ruta ikiwa haina kazi, hadi uipe thamani inayoitwa Idle-PC ili ijue lini ruta imepumzika. Programu yenyewe hukutafutia thamani hiyo. Ni suala la kubofya ruta na kusubiri. Jambo gumu zaidi ni kwamba GNS3 haiji na mfumo wa ruta ndani yake. Ule wa Cisco una leseni, na kuutoa kwenye kona za giza za intaneti kisha kuwagawia wanafunzi si jambo la kufanywa na mwalimu. Tumia mifumo ya ruta ya chanzo huria: FRRouting, VyOS, OpenWrt. MikroTik nao wana ruta ya mashine pepe ambayo bila leseni hukupa Mbps 1 kwa kila kiunganishi, na kwa zoezi la darasani Mbps 1 ni nyingi mno. Raha ya GNS3 ni kwamba unabofya kebo iliyochorwa kati ya ruta mbili na Wireshark inafunguka juu ya kebo hiyo hasa. Packet Tracer haiwezi kukupa hilo.

Kuhusu kontena, usihangaike muhula huu. Siku ukiwa na utulivu, na seva moja ya Linux, jaribu Containerlab au Kathará, programu za kujenga maabara kwa kontena. Mtandao mzima unaandikwa kwenye faili la maandishi, unauwasha kwa amri moja, unauzima kwa amri moja, na ruta ya FRRouting iliyo ndani ya kontena hula memori kidogo kuliko mashine pepe. Nokia wanatoa mfumo wao wa SR Linux kama kontena, bure bila leseni. Lakini mwanafunzi ambaye bado anatatizwa na sabneti, yaani kugawa mtandao vipande vidogo, hatasaidiwa na kontena. Atapata tu mahali pa pili pa kutatizwa.

Sasa jambo ambalo video zote ulizoalamisha zinakosa: zinaonyesha mtandao unaofanikiwa. Mtu anaandika amri, inakubali, anatabasamu, anahamia somo lingine. Kazini hakuna anayeitwa kwa sababu mtandao umekubali. Kwa hiyo kazi yako wewe mwalimu, ambayo hakuna tovuti itakayokufanyia vizuri, ni kuharibu mitandao kwa ustadi.

Ngoja nikupe mmoja niliouharibu mara nyingi. Kompyuta ina anwani 192.168.10.20 kwenye VLAN 10, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi. Seva ina 192.168.20.5 kwenye VLAN 20. Ruta iko katikati, imesanidiwa sawasawa, kila kitu ni kizima. Naenda kwenye seva nafuta lango lake, ile anwani ya ruta ya kutokea nje ya mtandao wake, basi. Nawaita wanafunzi: kompyuta haiifikii seva, rekebisheni. Wote huvamia ruta. Nakwambia wote. Wanaangalia viunganishi vidogo vya VLAN, wanaandika upya usanidi uliokuwa sahihi, wengine wanafikia kuuharibu kweli. Mmoja anapiga ping kutoka kwenye ruta hadi kwenye seva, inakubali, maana ruta na seva wako mtandao mmoja. Hapo kuchanganyikiwa kunakuwa kukubwa: ruta inaiona seva, kompyuta inaiona ruta, lakini kompyuta haiioni seva! Nawaacha. Baada ya muda kuna atakayeingia kwenye hali ya mwigo, ataifuata bahasha hatua kwa hatua, na ataona imefika. Imefika kabisa kwenye seva. Kilichokufa ni jibu, kwa sababu seva haina njia ya kulirudisha nje ya mtandao wake. Akibofya bahasha ile anaonyeshwa, tabaka kwa tabaka, ilikokwama. Sijawahi kuhitaji kuwaambia kwamba ping ni safari mbili. Kila mara kuna anayelisema mwenyewe, tena kwa sauti.

Makosa mengine unayoweza kuanza nayo: kinyago cha sabneti cha /25 mahali pa /24 kwenye kompyuta moja. VLAN iliyosahaulika kwenye kiungo cha kati ya swichi na swichi. DHCP, huduma inayogawa anwani, iliyozimwa, ili waione anwani ya 169.254 na wajiulize imetoka wapi, maana hakuna aliyeiandika. Kwa walioendelea, weka ruta mbili za OSPF, itifaki ambayo ruta huitumia kuambiana njia, moja itume salamu kila sekunde 10 na nyingine kila sekunde 5; hazitakuwa majirani maisha. Au badilisha MTU, ukubwa wa juu wa pakiti, upande mmoja, uone zinavyosalimiana vizuri kisha zikaganda kwenye EXSTART, hatua ya mwanzo ya kubadilishana taarifa. Hilo la mwisho lilinitoa jasho mimi mwenyewe kazini muda mrefu kabla sijawa mwalimu.

Kujinoa kwako kufuate njia hiyohiyo. Kabla ya kila kipindi, mtandao wa kesho uvunje leo. Jiulize swali la kipumbavu kabisa ambalo mwanafunzi anaweza kuuliza, kisha litafutie jibu kwenye Wireshark. Likikushinda, soma RFC yenyewe. Ile ya ARP ni namba 826, ya Novemba 1982, ni fupi na mwandishi wake anaongea kama mtu. Hujapoteza jioni. Ukitaka kozi iliyopangika, APNIC Academy ina masomo ya bure na maabara zinazofunguka ndani ya kivinjari, RIPE NCC Academy wako imara upande wa IPv6 na BGP (anwani za kizazi kipya na itifaki ya njia kati ya mitandao mikubwa), na NSRC ya Chuo Kikuu cha Oregon wameweka hadharani slaidi na mazoezi ambayo wahandisi wao huyatumia wanapofundisha wenzao. Chagua moja. Imalize. Zile alamisho nyingine zifute, na usizihamishie kwenye folda inayoitwa "baadaye". Ninayo folda hiyo, najua inavyokuwa.

Na siku swali litakapokuzidi mbele ya darasa, sema, "Sijui, tuangalie," kisha muangalie palepale.

Unakili sasa. Ile "Makoa Makuu" imenichekesha, lakini zoezi lako ndilo lililowakaribisha. Wote walikuwa na anwani zilezile, jibu lilelile, sasa mtu mvivu afanye nini kingine? Mpe kila mmoja namba yake kwenye orodha ya darasa, na namba hiyo iingie kwenye anwani. Mwanafunzi wa 17 anafanya kazi ndani ya 10.17.0.0/16, wa 23 ndani ya 10.23.0.0/16. Akinakili faili la mwenzake itabidi abadilishe kila anwani, na akishabadilisha kila anwani bila kuvunja kitu atakuwa ameshajifunza nusu ya ulichotaka ajifunze. Hiyo hata Activity Wizard haihitaji. Maswali ya hesabu za sabneti yaweke kwenye Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni, kwa aina ya swali la kukokotoa, linalobadilisha tarakimu kwa kila mtu. Hili ndilo litakalowafaa wenye simu.

Kisha dakika mbili na kila mwanafunzi. Mwambie afungue kazi yake, onyesha kebo moja, muulize: nikiizima hii, nani atakosa kuwasiliana na nani? Aliyefanya mwenyewe atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Arobaini kwa dakika mbili ni saa moja na dakika ishirini. Ni muda, najua, lakini linganisha na muda wa kusahihisha faili thelathini na moja zinazofanana.

Wenye simu pekee sitakudanganya: kusanidi ruta kwa kidole kwenye skrini ndogo ni mateso. Zipo nyenzo zinazofunguka kwenye kivinjari, EVE-NG mojawapo, lakini kufunguka ni kitu kimoja na kutumika ni kingine. Simu itumike kwa maswali, kwa hesabu, na kwa kusoma mnaso wa pakiti uliouchapa kama picha na kuwauliza kilichotokea mstari wa nne. Upande wa vitendo, mwombe mkuu wa idara maabara ibaki wazi saa kadhaa nje ya vipindi. Mwambie hiyo ndiyo gharama ya sehemu ya mtandaoni anayoitaka. Zile ruta mbili na swichi tatu ziwe za kushikwa: kuchomeka kebo ya konsoli, kusikia swichi inavyowaka, kuona taa ya kijani inavyokawia kwa sababu ya spanning tree, itifaki ya kuzuia pakiti kuzunguka bila mwisho kati ya swichi. Usanidi wa kina ufanyike kwenye programu.

Cheti ufanye ukitaka, si kwa sababu ya aibu. CCNA ya sasa, cheti cha mitandao cha Cisco, mtihani namba 200-301, ulianza Februari 2020 ukiunganisha njia kadhaa za zamani kuwa moja, na umeongeza mambo ya otomatiki na mitandao isiyo na waya ambayo huenda cheti chako hakikuyagusa. Kama chuo kitakulipia, nenda. Kama ni mfukoni mwako, maliza kwanza ile kozi moja ya bure.

Kipindi chako kijacho usianze na mada mpya. Washa projekta, ruta zilezile mbili, hali ya mwigo imewashwa, jedwali la ARP limefutwa. Mwite kijana wa nyuma abonyeze kitufe yeye. Na alitoe lile daftari, kuna mstari wa kufuta.